AFYA YA WATOTO WETU: Koo Lauma na Mwili Umetoka Vipele



Ndugu wasomaji, wake kwa waume, nanyi vijana mnaowasomea wazazi wenu ukurasa huu baada ya sala ya magharibi, mwezi huu tumeletewa barua na mama mmoja ambayo yafaa isikilizwe na kila nyumba yenye mtoto. Jina lake hatulitaji, wala mji wake. Asema kwamba mwanawe wa kiume, mwenye umri wa miaka 7, aliamka siku moja akilia koo, kumeza chakula ni shida, kichwa chamgonga na mwili wawaka homa. Akatapika mara mbili. Siku ya pili vipele vidogo vidogo vikamtoka shingoni na kifuani, vikashuka tumboni.

Bibi yake alipomtazama akasema, "Hii ni surua. Mfunikeni, wala asipigwe sindano." Jirani akasema, "Si surua, bali kimeo kimeshuka. Mpelekeni kikakatwe." Muuza duka la dawa, pasipo kumwona mtoto, akatoa vidonge vya rangi mbili, akaagiza apewe kutwa mara tatu. Mama akalifuata la muuza duka. Siku ya tatu homa ikashuka na mtoto akarudi kucheza. Basi vidonge vilivyosalia akaviweka kabatini, na baadhi yake akampa mdogo wake mtoto aliyekuwa na mafua. Wiki iliyofuata ngozi ya ncha za vidole vya yule mkubwa ikaanza kubambuka.

Mama huyo atuuliza mambo matatu: Je, ule ulikuwa ugonjwa gani? Je, alikosea? Na je, watoto wenziwe chuoni wamo katika hatari? Kisha mwisho wa barua, kama mtu akumbukaye jambo dogo, ameongeza kwamba sasa ni wiki ya tatu, na mtoto alalamika goti, na jana maumivu yamehamia kifundo cha mguu.

Neno hilo la mwisho ndilo lililotufanya tusingoje gazeti lipigwe chapa. Tulimpigia simu mama huyo siku ile ile, tukamwomba ampeleke mtoto hospitali mara moja, na amweleze daktari habari yote tangu siku ile koo lilipoanza kuuma. Ameridhia tuyajibu maswali yake hapa ili na wengine wafaidike. Sababu ya haraka yetu itafahamika tutakapofika mahali pake.

Vipele ni dalili

Jambo la kwanza lipasalo kufahamika ni kwamba vipele peke yake si ugonjwa. Ni dalili, na dalili moja yaweza kuletwa na maradhi kumi yaliyo mbalimbali. Kadhalika koo kuuma. Mambo haya mawili yanapokutana kwa mtoto mmoja, mzazi hutazama ngozi kwa sababu ndiyo ionekanayo, akalisahau koo kwa sababu limefichika. Na mara nyingi shari yenyewe imo kooni.

Kupambanua maradhi yanayofanana ni elimu waliyoitumikia sana waganga wa Kiislamu. Abu Bakr Muhammad bin Zakariya al-Razi, mzaliwa wa mji wa Rayy katika nchi ya Uajemi, aliyefariki yapata mwaka 925, alitunga kitabu mahsusi juu ya ndui na surua. Maradhi hayo mawili yote huja na homa na vipele, na watu walikuwa wakiyachanganya. Yeye alikaa na wagonjwa, akazitazama dalili zao moja moja, akaandika kipi kitangulie na kipi kifuate. Kitabu chake kilifasiriwa katika Kilatini na lugha nyingine za Ulaya, kikasomwa huko kwa karne nyingi. Leo ndui imekwisha. Mtu wa mwisho kuipata kwa njia ya kawaida alikuwa wa mji wa Merka, Somalia, mwaka 1977, na mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba imetoweka katika ulimwengu. Surua yangali ipo. Nasi twalihitaji bado somo lile la al-Razi: tazama kwanza, kisha sema.

Surua

Bibi wa mtoto hatumlaumu kwa kutaja surua, kwani katika nchi zetu surua imeua watoto wengi, na mwenye umri wake ameyaona. Lakini surua ina mwendo wake. Huanza kwa homa kali, kikohozi, mafua na macho mekundu yenye kutoka machozi, yasiyopenda mwanga. Koo laweza kuuma, walakini kikohozi na mafua ndivyo vitawalavyo. Kabla ya vipele kutoka, ukimfunua mtoto kinywa waweza kuona ndani ya mashavu, mkabala na magego, alama ndogo nyeupe mithili ya chembe za chumvi. Kisha, yapata siku ya tatu au ya nne ya ugonjwa, vipele hutokea nyuma ya masikio na usoni, vikateremka shingoni, kiwiliwili, hata miguuni.

Mtoto wa barua yetu hakuwa na kikohozi wala mafua, na vipele vyake vilianza shingoni na kifuani siku ya pili tu. Kwa hiyo mashaka ya surua yapungua, ingawa daktari pekee ndiye awezaye kuliondoa kabisa.

Ama lile neno la kwamba surua haitaki sindano, lina madhara, kwa kuwa huwafanya watu wamfungie mtoto ndani hata pumu za mapafu zimzidi. Sindano haiipandishi surua. Kinachoua katika surua ni vichomi, kuharisha na udhaifu wa mwili, na yote hayo yana tiba. Mtoto mwenye surua hupewa hospitali vitamini A siku mbili mfululizo, na dawa hiyo hupunguza vifo na huyalinda macho na upofu. Apewe maji na chakula, na kama anyonya asiachishwe.

Na kinga ni bora kuliko tiba. Katika Tanzania na Kenya mtoto huchanjwa surua pamoja na rubela akiwa na miezi 9, na mara ya pili akiwa na miezi 18. Wazazi wengi huipeleka ile ya kwanza wakaisahau ya pili. Tafadhali, msomaji, ifungue kadi ya mwanao usiku huu huu uitazame.

Homa nyekundu

Sasa twaja kwenye ugonjwa unaofanana zaidi na ule ulioelezwa katika barua. Waitwa homa nyekundu, na Wazungu huuita skaleti. Waletwa na kijidudu cha jamii ya bakteria kiitwacho streptokoki, ambacho hukaa kooni na kutoa sumu inayoingia katika damu na kuitoa ngozi vipele. Ugonjwa huu umejulikana zaidi katika nchi za baridi, na kwetu si mashuhuri kama surua. Lakini kijidudu chenyewe kipo kwetu tele, na mara nyingi hulishika koo la mtoto pasipo vipele kutokea.

Huwapata hasa watoto wa kati ya miaka 5 na 15. Huanza ghafula kwa homa, koo kali, kichwa kuuma, na mara nyingi tumbo kuuma na kutapika. Baada ya siku moja au mbili vipele hutoka shingoni, kifuani, kwapani na kwenye kinena, kisha vikaenea. Uso huweza kuwa mwekundu, na kuuzunguka mdomo pakabaki peupe. Ulimi kwanza hufunikwa na utando mweupe, kisha utando ukatoka na ulimi ukabaki mwekundu wenye vijinundu. Vipele vikisha kufifia, baada ya wiki moja hivi, ngozi ya vidole na nyayo hubambuka.

Vitabu vilivyoandikwa Ulaya husema, tazama wekundu. Lakini ngozi za watoto wetu wengi ni nyeusi au za maji ya kunde, na wekundu huo hauonekani wazi. Kwa hiyo mama, usitegemee jicho peke yake. Pitisha kiganja chako taratibu juu ya kifua na tumbo la mtoto. Ngozi yenye homa nyekundu hukwaruza kama msasa. Harara ya joto huwa na vijipele vilivyotawanyika mahali pa jasho, na mtoto mwenye harara hana homa wala koo. Kisha msimamishe mtoto penye mwanga, mwambie afunue kinywa na aseme "aaa", utazame. Ukiona mafindofindo yamevimba na kuwa mekundu, pengine yana madoa ya usaha, na ukishika chini ya taya ukakuta tezi zimevimba na zauma, na mtoto hana kikohozi wala mafua, basi hiyo ni sababu ya kutosha kumpeleka kwa daktari siku hiyo hiyo.

Hatusemi kwamba kila koo liumalo lataka dawa ya kuua bakteria. La. Koo nyingi za watoto zaletwa na virusi, nazo hupoa zenyewe. Kati ya watoto 10 wenye koo, yakadiriwa ni 2 au 3 tu wenye streptokoki. Ndiyo maana yatakiwa mtu apimwe, wala asikisiwe dukani.

Kwa nini siku kumi

Hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu, na ndipo palipotufanya tuharakie simu.

Koo lenye streptokoki hata lisipotibiwa homa yake hushuka yenyewe baada ya siku chache, na mtoto akaonekana mzima. Kama amekunywa dawa, hushuka mapema zaidi. Mzazi akiona hivyo hudhani kazi imekwisha. Walakini kijidudu bado kimo kooni, kimepungua tu. Dawa yake ni penisilini, au amoksisilini ambayo ni ndugu yake, na kwa kawaida hunywewa siku 10 kamili ili kijidudu kikatike. Badala yake daktari aweza kumpiga mtoto sindano moja ya penisilini ya kukaa muda mrefu mwilini. Mtu aliyewahi kudhuriwa na penisilini amwambie daktari mapema, naye atampa dawa nyingine.

Je, kijidudu kikibaki kina dhara gani? Mwili wa mtoto huunda kinga ya kupigana nacho. Lakini sehemu za kijidudu hiki hufanana na sehemu za mwili wenyewe, hasa za moyo na za viungo. Kwa baadhi ya watoto kinga ile hukosea, ikaushambulia mwili uliokuwa ikiulinda. Hutokea mara nyingi baada ya wiki 2 hadi 4, wakati koo limekwisha kusahauliwa. Mtoto hupata homa tena, na maumivu ya viungo vikubwa yenye kuhama: leo goti, kesho kifundo cha mguu, kesho kutwa kiwiko. Wengine hukosa pumzi, wengine mikono na uso huchezacheza bila wao kutaka, hata mwalimu akadhani ni utundu. Ugonjwa huu waitwa homa ya baridi yabisi. Jina lake lisikudanganye ukadhani ni baridi yabisi ya wazee, inayotulizwa kwa kuchuliwa mafuta.

Maumivu ya viungo hupoa. Moyo ndio usiosahau. Ndani ya moyo mna vilango, viitwavyo vali, vinavyofunguka na kufungika ili damu iende upande mmoja wala isirudi. Homa hii huvikwaruza vilango vile vikafanya makovu, vikawa havifunguki sawasawa au havifungiki sawasawa. Mtoto hukua, akacheza, akaenda skuli, na hakuna ajuaye. Wako wasichana ambao maradhi haya hugunduliwa kwao kwanza wanaposhika mimba, moyo unapotakiwa kufanya kazi zaidi nao hauwezi. Yakadiriwa kwamba watu kama milioni 55 duniani wanaishi na ugonjwa huu wa moyo, na wengi wao ni wa nchi kama zetu, ambako watoto hulala wengi chumba kimoja na koo hazitibiwi. Katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, vilango vya namna hiyo hupasuliwa vikatengenezwa au vikabadilishwa. Ni neema kubwa kuwa na mahali kama hapo karibu nasi. Lakini ni nani apendaye mwanawe apasuliwe kifua kwa ajili ya ugonjwa uliokuwa ukizuilika kwa vidonge vya siku 10?

Basi fahamuni kwamba penisilini, hata ikianzwa ndani ya siku 9 tangu koo lilipoanza, huweza kuizuia homa ya baridi yabisi. Kuna nafasi ya kutosha kwa mwenye kutaka kuitumia. Na yule ambaye homa hiyo imekwisha kumpata asikate tamaa. Hupewa sindano ya penisilini kila wiki 3 au 4, kwa miaka mingi, ili asirudiwe, kwa kuwa kila ikirudi humwongezea moyo jeraha.

Figo nazo huweza kudhurika baada ya koo la namna hii. Ukiona uso wa mtoto umevimba asubuhi, au mkojo wake umekuwa wa rangi ya chai nzito, usingoje.

Maradhi mengine yanayofanana

Yako mengine, nayo tutayataja kwa ufupi.

Rubela hufanana na surua nyepesi. Homa ni ndogo, vipele huanzia usoni, na tezi za nyuma ya shingo huvimba. Mtoto huipita salama, walakini mwanamke mwenye mimba changa akiambukizwa, mwanawe aliye tumboni huweza kuzaliwa na mtoto wa jicho, uziwi au ila ya moyo. Kwa hiyo mtoto mwenye vipele na homa asipelekwe kutazamwa na wanawake wenye mimba.

Tetekuwanga huanza kwa vipele vinavyogeuka malengelenge ya maji yenye kuwasha, na huweza kutoka hata kinywani na kooni. Mtoto mwenye tetekuwanga, au homa yoyote ya virusi, asipewe aspirini, kwa kuwa yaweza kumdhuru ini na ubongo. Parasetamoli kwa kipimo cha uzito wake ndiyo imfaayo.

Uko ugonjwa wa mikono, miguu na kinywa, unaowapata zaidi watoto wadogo. Vidonda hutoka kinywani, mtoto akakataa kula, na vipele viganjani na nyayoni. Hauna dawa maalumu, nao hupoa kwa siku 7 hadi 10. Kazi ya mama ni kumnywesha kidogo kidogo vitu vya baridi.

Mpox nayo tumeisikia. Mwaka 2024, baada ya kuenea katika Kongo na kuingia Burundi na nchi nyingine jirani, Shirika la Afya Duniani liliitangaza kuwa dharura ya ulimwengu. Huja na homa, koo, tezi zilizovimba, na vipele vinavyojaa maji kisha usaha, vyenye kuuma. Mwenye dalili hizo atengwe na apelekwe kituo cha afya.

Kisha iko homa ya tezi, inayoletwa na virusi viitwavyo Epstein-Barr. Virusi hivi vilionekana kwanza London mwaka 1964, na waliovigundua, Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr, walivikuta katika uvimbe uliotoka kwa wagonjwa wa Uganda. Watoto wetu wengi huambukizwa wakiwa wadogo, pasipo dalili kubwa. Akiupata kijana mkubwa, koo lake huvimba sana, likawa na utando mweupe, na uchovu ukadumu wiki kadha wa kadha. Ajabu yake ni kwamba mgonjwa huyu akipewa amoksisilini, ambayo haimfai kitu, mara nyingi mwili mzima hutoka vipele. Hapo dawa ya kubahatisha ndiyo iliyoleta vipele vyenyewe. Na yako madawa mengine yawezayo kumtoa mtu vipele kwa kutopatana na mwili wake. Kwa hiyo daima mwambie daktari kila kitu alichokunywa mtoto, cha dukani na cha mitishamba.

Mwisho ni ugonjwa wa nadra alioueleza daktari wa Kijapani, Tomisaku Kawasaki, mwaka 1967, ukaitwa kwa jina lake. Huwapata zaidi watoto walio chini ya miaka 5. Homa hudumu siku 5 au zaidi, macho huwa mekundu bila tongo, midomo hupasuka, ulimi huwa mwekundu, na mikono na miguu huvimba. Nao huudhuru moyo, katika mishipa yake ya damu. Basi homa iliyopita siku 5 isivumiliwe nyumbani, jina lake liwe lolote.

Kimeo

Jirani alishauri kimeo kikatwe. Ndugu zangu, kimeo ni kiungo alichokiumba Mwenyezi Mungu nyuma ya kinywa. Koo likivimba, nacho huvimba pamoja nalo, hata kikaonekana kirefu. Ugonjwa haukuanzia hapo, wala kukikata hakuutoi. Yaliyopatikana kwa kukata ni damu isiyokoma, jeraha kuoza, pepopunda, na maradhi yanayopitia katika wembe uliotumiwa kwa watoto wengi.

Katika mapokezi ya Bukhari tunasimuliwa habari ya Ummu Qays bint Mihsan, aliyekwenda kwa Mtume (s.a.w.) na mwanawe mdogo ambaye alikuwa amembinya kooni kwa sababu ya ugonjwa wa koo, kama ilivyokuwa desturi ya wanawake wa zama zile. Mtume (s.a.w.) hakuridhia. Aliwakataza kuwatesa watoto kwa kuwabinya, akawaelekeza kwenye dawa ya upole, nayo ni udi wa Kihindi. Ikiwa kubinya kwa kidole kulichukiwa kwa kuwa kwamuumiza mtoto, je, kukata kwa wembe kutakuwaje?

Majibu kwa mama

Sasa twarudi kwa mama wa barua. Ugonjwa gani? Dalili alizozieleza, na hasa kule kubambuka kwa vidole, zaelekea kwenye homa nyekundu, na maumivu yenye kuhama yalitutia hofu ya homa ya baridi yabisi. Ametuarifu kwamba mtoto amekwisha kulazwa na kwamba moyo wake wapimwa. Tumwombee afya.

Je, alikosea? Makosa yalikuwa mawili: kuikatisha dawa, na kumpa mtoto wa pili dawa isiyokuwa yake. Lakini twamwambia kwamba hakuyafanya kwa uzembe. Aliyafanya kwa kutoambiwa, na lawama iliyo kubwa zaidi ni ya yule aliyeuza dawa bila kumpima mtoto na bila kusema siku za kuitumia. Mama aliyeandika ili wengine wasikie amefanya wema mkubwa. Huyo mdogo naye, na kila aliye nyumbani mwenye koo au homa, apelekwe akatazamwe.

Na watoto wa chuoni? Kijidudu hiki husafiri kwa mate, kwa kikohozi na kwa vyombo. Mtoto aliyekwisha tumia dawa saa 24, na homa imemtoka, hamwambukizi mwenziwe tena kwa kawaida, naye aweza kurudi chuoni na skuli huku akiendelea kumaliza siku zake. Mwenye surua akae nyumbani mpaka zipite siku 4 tangu vipele kutoka. Twawaomba walimu wa vyuo wasiwaache watoto 30 wakanywa maji kwa kata moja, wala kombe lisizunguke kwa kikombe kimoja kutoka kinywa cha mgonjwa hadi cha mzima. Nyumbani mgonjwa awe na kikombe chake, kijiko chake na taulo yake.

Ziko dalili ambazo ukiziona usingoje asubuhi, wala usingoje baba arudi safari. Ni mtoto ashindwaye kumeza hata mate yake, au apumuaye kwa shida na kwa sauti, shingo iliyokakamaa, usingizi mzito asioamshika, degedege, na mtoto asiyekojoa kutwa nzima. Kadhalika vipele vya rangi ya damu ambavyo ukivibonyeza kwa bilauri ya kioo havififii. Kwa mtoto mweusi vitazame viganjani, nyayoni na ndani ya kope. Hivyo huweza kuwa ishara ya homa ya uti wa mgongo, ambayo huua kwa saa chache.

Wako wasemao kwamba kukimbilia hospitali ni upungufu wa kutawakali. Mabedui walimwuliza Mtume (s.a.w.) kama wajitibu, naye akawaamrisha wajitibu, akawafahamisha kwamba Mwenyezi Mungu hakuweka ugonjwa ila ameuwekea dawa. Na yule aliyeuliza kama amwache ngamia wake bila kumfunga na atawakali, aliambiwa amfunge kwanza. Basi msomee mwanao Fatiha, mwombee usiku, utoe na sadaka. Hayo yote ni ya kheri, wala hayaizuii penisilini. Lakini siku ya nne, mtoto akiwa anacheza uani na vidonge vimebaki, kumbuka kwamba kumfunga ngamia wako siku hiyo ni kumwita aje anywe dawa yake, na kufanya hivyo hata siku ya kumi.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awahifadhi watoto wetu, na atujaalie kuwa wenye kutazama kabla ya kusema. Amin.

Wabillahi tawfiq.